Matusi ya Vitabu vya Baba

Jumatatu, tarehe 9 Juni
Asubuhi ya manyunyu, upepo kidogo, nguo za jana bado mbichi kambani.

Kwako kaka yangu,

Salamu nyingi. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu na watoto, na kwamba kile kikohozi cha mdogo kimepoa. Kuhusu wifi na watoto nauliza kwa moyo mweupe. Kuhusu wewe nauliza kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, kwamba hata mtu unayetaka kumrukia shingoni huulizwa kwanza kama amelala vizuri. Je, umelala vizuri? Mimi mwili haujambo. Baba anakula, mguu wa kulia bado mzito, na habari zake nyingine ndizo zilizonikalisha mezani mapema hivi kabla ya kwenda kazini.

Tafadhali usiikunje barua hii ukaitia mfukoni ili uisome ukipata nafasi. Ningeweza kukupigia simu, lakini simu zangu kwako zina maisha mafupi. Uko kwenye kikao, uko barabarani, mtandao unasumbua, tutaongea. Karatasi haina mtandao. Nitaandika kidogo asubuhi hii na kumaliza jioni, na nitayapanga mambo kama yalivyofuatana. Kila siku nimeyaandika kwenye shajara yangu, kwa hiyo usiseme natia chumvi.

Nianze na jambo unalolijua. Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria ya ugomvi. Baba alikuwa msahihishaji kwenye kiwanda cha kupiga chapa, alishinda kutwa akisoma sentensi mbovu za watu na kalamu nyekundu mkononi, na akirudi nyumbani alitaka kuosha macho kwa vitabu vya zamani. Matusi ya mtaani hakuyataka mlangoni kwake. Lakini alisema ugomvi hauna budi kuwapo, watoto si mawe, basi anayetaka kumtukana mwenzake na atafute tusi ndani ya kitabu cha zamani, alete ukurasa, asome sentensi nzima kwa sauti, ndipo lihesabiwe. Ndiyo maana siku niliyovunja rula yako ulikuja mbio na kitabu kifuani ukaniita mwanahizaya. Nilichakura kile kitabu cha kahawia kuanzia mchana hadi giza, nikakuta fedhuli, nikakufuata hadi bafuni kukusomea kupitia mlangoni. Hasira zenyewe zilikuwa zimekwisha, lakini tusi lilikuwa tamu mno kuachwa.

Marehemu mama peke yake alisamehewa ukurasa. Kwao walisema mato kwa macho, na yeo kwa leo, na baba alikuwa akisema mtu anayezungumza hivyo ni kitabu tayari, hahitaji kufunguliwa. Mama alimwambia una mato ya nini wewe, chumvi hiyo mbele yako, na baba badala ya kukasirika aliweka kijiko chini akatabasamu kama mtu aliyepewa zawadi. Sisi tulidhani nyumba zote ziko hivyo. Nilipoanza shule ya sekondari nikamwita mwenzangu bahaluli, alinitazama kwa huruma akaniuliza kama naumwa.

Hayo yote unayajua. Sasa sikiliza usiyoyajua, au uliyoambiwa ukajifanya hamnazo.

Kiharusi kilipompiga baba mwaka jana, kilichukua mguu, mkono na maneno. Mguu na mkono vimerudi nusu. Katika maneno lilirudi moja tu, na lenyewe ni kikombe. Dirisha ni kikombe, dawa ni kikombe, njaa ni kikombe. Mimi ni kikombe. Mtu aliyewarudishia waandishi wakubwa kazi zao kwa sababu ya nukta moja anafungua kinywa kuniita, kinatoka kikombe, na papo hapo uso unamsinyaa kwa sababu amekisikia. Angekuwa hajui ningevumilia. Anajua.

Mwalimu wa kusema, yule mama anayekuja kila Alhamisi na mkoba wake wa kadi za picha, alimwonyesha baba ng'ombe, ndizi, kiatu, na baba akageukia ukutani. Mwalimu akanishauri nitafute kitu alichozoea kukisema bila kufikiri, labda sala, au wimbo, au kuhesabu. Tulijaribu vyote. Kikombe. Jioni moja mwezi wa Februari nilikuwa nimechoka, uji umemwagikia shuka mbili, nikamfuta, nikakaa kwenye kiti chake nikafungua kile kitabu cha kijani, kile cha malkia na mawaziri wake. Nilisoma kwa sauti ili nijitulize mimi, si yeye. Nikafika pale malkia anapomfukuza waziri, ondoka mbele yangu, ewe, na sentensi ikaishia pembeni mwa ukurasa. Nikalowesha kidole nifunue. Baba akasema kutoka kitandani, baradhuli.

Lilikuwa safi, na ile sauti ya dh imekaa mahali pake, kana kwamba alikuwa anatusubiri pale mimi na malkia. Nikafunua ukurasa. Ndilo lilikuwa neno lenyewe. Nikapiga kelele hadi mama jirani akaingia na mwiko mkononi akidhani mzee amekata roho.

Nilipomsimulia mwalimu wa kusema alicheka hadi kiti kikalia. Akanieleza kwamba maneno ya hasira yana chumba chao kichwani na mlango wao, kwamba amewaona wagonjwa wasioweza kuomba maji lakini wanaomtukana muuguzi bila kukwama, na kwamba Mungu akishanipa mlango huo niupite kila siku. Alisisitiza kila siku. Neno linalorudi lisipotumika linaondoka tena, na likiondoka mara ya pili halina ahadi.

Basi tukaupita. Kila nikitoka kazini nilisoma kurasa mbili tatu, nikifika kwenye tusi nanyamaza, namtazama. Yakaja: jura, ayari, safihi, mjuvi, fedhuli. Na nyuma ya hayo, kama watoto wanaofuata ngoma, vikaja vineno visivyo na ugomvi wowote: hima, bado, basi, aje. Siku moja mama jirani, ambaye hukaa naye nikiwa kazini, alichelewesha chai akaitwa mpujufu. Alitoka hadi barabarani kutangaza. Jamani nimetukanwa na mzee, nimetukanwa vizuri! Watu wakampa hongera.

Jioni ileile nilikupigia. Nilikuwa nahema kwa furaha. Nikakuambia kaka, baba anasema, vitabu vinamfanya aseme. Ukaniambia uko kwenye kikao, tutaongea. Hatukuongea.

Kisha ukaja, Jumatano ya katikati ya Aprili, siku ya kazi, saa ya kazi. Hukuniarifu. Yaliyotokea nimeyapata kwa mama jirani, na nimemrudisha mara kadhaa ili nihakikishe. Ulimwambia chumba kinahitaji hewa, kiti cha magurudumu hakipati pa kugeuka, vitabu vina mchwa, unavipeleka kutiwa dawa. Ukavua koti ukaanza kupakia kwenye maboksi. Baba alikuwa dirishani kwenye kiti chake. Boksi la kwanza lilipopita mbele yake alisema kikombe, kwa sauti ya kawaida. La pili akasema kwa nguvu. Kufikia la tatu alikuwa anapiga mkono wa kiti kwa ule mkono wake mzima, kikombe, kikombe, kikombe, mishipa imemtoka shingoni.

Na wewe ukaenda jikoni ukamletea maji kwenye kikombe.

Mama jirani anasema ulimshikia kwa upole kabisa. Maji yakamwagika kifuani, ukamfuta kwa leso yako, ukasema mzee ana kiu sana leo. Kisha ukarudi kubeba boksi. Kaka, nimejaribu kuliandika jambo hili kwa utulivu na nimeshindwa, kalamu imetoboa karatasi kama unavyoona hapo juu.

Nilipokuuliza kwa simu vitabu vitarudi lini, ulinijibu viko mahali pazuri, pakavu, na watu wanaviona. Nikaliandika jibu hilo kwenye shajara kama habari njema. Nilikushukuru! Huku nyumbani maneno yakaanza kumtoka baba moja moja. Lilitangulia fedhuli, likafuata ayari. Nilisoma magazeti, hayakufaa, waandishi wa siku hizi wanatukana kama wanajaza fomu. Mwisho wa Mei kilibaki kikombe peke yake, na mwalimu wa kusema akarudi na ng'ombe wake na ndizi yake bila kunitazama usoni.

Naacha hapa. Saa ya kazi imefika na nikiendelea nitakwenda dukani na macho mekundu.

Jioni. Manyunyu yameacha, mawingu bado.

Unajua kazi yangu, ingawa nimesikia ukiwaambia wenzako kwamba nipo kwenye mambo ya ujenzi. Nachanganya rangi. Mteja anakuja na kitu mkononi, kifungo, kipande cha pazia, kigae kilichovunjika, anasema nataka ukuta wangu uwe hivi. Mimi nakipeleka mlangoni nikitazame kwenye mwanga wa mchana, maana taa ya dukani inadanganya. Natia matone ya rangi kwenye kopo la nyeupe, natikisa, napaka kwenye kadi, nakausha kwa mashine ya kukaushia nywele, nalinganisha. Ikiwa bado, naongeza tone. Ni kazi ya subira na ninaipenda.

Jumanne iliyopita alikuja binti mmoja mpambaji, wa kupamba majumba na mahoteli, ananukia vizuri, ana adabu, ananiita dada wa rangi. Akaweka juu ya kaunta kitu kirefu chembamba cha kijani. Nilidhani ni ngozi ya kochi. Akasema anataka ukuta mzima uwe kijani hiki cha kizee. Nikakichukua, nikaenda nacho mlangoni.

Ulikuwa mgongo wa kitabu. Nyuma yake kulikuwa na unene wa kidole tu wa karatasi, na baada ya hapo palikuwa pamekatwa kwa msumeno, laini kama mkate. Chini kulikuwa na ukanda wa buluu, kitambaa cha begi langu la shule ya msingi, ambacho baba alikishona mwenyewe mgongo ulipoanza kuachia. Nilisimama pale mlangoni hadi mwenye duka akaniuliza kama natafuta rangi au naomba dua.

Nikarudi kaunta nikamuuliza yule binti vitu kama hivi anavipata wapi. Akafurahi kuulizwa. Akanieleza kuna mgahawa mpya unafunguliwa karibu na benki, mwenyewe anataka wateja wakiingia wapate hisia ya usomi, na vitabu vya zamani ni vigumu kupata vikiwa na rangi zake halisi. Bahati yake, akapatana na kaka mmoja mstaarabu sana wa ofisi ya bima, wanafahamiana kupitia kazi, akampa kabati zima. Hakutaka hata senti. Alisema amemsaidia kuondoa takataka kwa mzee.

Hukuona hata thamani ya kuviuza. Ungeviuza ningekuita mwizi, na mwizi angalau anajua kwamba alichokiiba ni kitu.

Nilimuuliza yaliyobaki yako wapi. Hakunielewa. Nikasema yale ya ndani. Ahaa, akasema, rafu ni nyembamba, seremala amepunguza. Kisha, kwa sauti ya kunibembeleza, labda aliona uso wangu, akaongeza kwamba watu hawavisomi dada, wanapiga navyo picha. Sikumchukia. Hana kosa. Yeye aliambiwa ni takataka na mtu mwenye koti zuri.

Nikamchanganyia rangi yake. Najua namna ya kuchanganya kijani kikawa kizuri kikiwa kibichi na kikageuka matope kikikauka, na mkono ulinituma nifanye hivyo. Lakini rangi ilikuwa ya kitabu cha baba, sikuweza kuiharibu. Niliongeza tone la nyeusi, la njano, nikakausha, nikalinganisha, ikawa ileile. Binti akaniambia nina jicho la ajabu.

Kesho yake nilipotoka kazini nilipita mgahawani. Nenda ukaone kazi yako. Ukuta mzima, kaka. Vimepangwa kwa rangi, vyekundu huku, vya kahawia kule, kama nyuzi kwenye duka la fundi cherehani. Vingine vimesimama kichwa chini. Nilipitisha kidole nikasoma majina, kimoja kimoja, na kila jina nililisoma nikikumbuka tusi lililokuwa ndani yake. Nilijaribu kukichomoa kimoja. Vyote vimegandishwa kwa gundi kwenye ubao. Mhudumu akaja akaniuliza kama kuna mtu namsubiri. Nikamwambia yupo.

Seremala nilimkuta nyuma anapaka vanishi. Alikuwa mtu wa kweli, alijikuna kichwa, akasema matumbo ya vile vitabu aliyatia kwenye magunia na lori la taka likayachukua zamani. Akasikitika, karatasi yenyewe ilikuwa nzuri, ameweka kidogo ya kufutia brashi. Akanionyesha moja. Ilikuwa imekakamaa kwa vanishi kama kipande cha ngozi, mistari miwili inaonekana, habari za bei ya farasi. Nikamrudishia akaendelea kufutia brashi.

Wewe baradhuli. Wewe jura, safihi, mjuvi, usiye na haya. Wewe ayari uliyeniambia vinaonekana na watu. Siwezi kukuonyesha ukurasa, kwa hiyo kwa sheria ya baba hayahesabiwi, na ujue ni wewe uliyeninyang'anya hata njia halali ya kukutukana. Nimetembea na hasira hii wiki nzima kama mtu aliyebeba sufuria ya moto, hana pa kuitua. Dukani nimemfokea mteja aliyeleta kifungo. Nimemfokea mama jirani, ambaye hakustahili, naye akanijibu kwamba nikimaliza kubweka nije nile. Nikaenda nikala, nikamwomba radhi.

Sasa kuna jambo ambalo sijaliandika hata kwenye shajara.

Jana Jumapili, baada ya chakula cha mchana, nilikaa mbele ya baba nikamweleza yote. Mwalimu wa kusema alikuwa ameniomba nisimtie simanzi, na nilikuwa nimekubali. Nikamweleza hata hivyo. Nilimwambia nani alivichukua, alimpa nani, vimefanywa nini, msumeno, gundi, lori. Sikuficha kitu na sikupunguza makali. Nilijiambia ana haki ya kujua, vitabu ni vyake. Uongo. Nilimwambia kwa sababu nilitaka akuchukie. Nilitaka kuiona hasira yangu usoni kwake, tuwe wawili. Kama angeweza kusema, nilitaka akulaani, na nilikuwa tayari kukuletea laana hiyo neno kwa neno.

Alinisikiliza hadi mwisho. Aliitazama rafu tupu kwa muda mrefu. Midomo ikaanza kumcheza, nikainama karibu, nikajua kinakuja kikombe.

Akasema, Bwana Mkubwa.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau jina hilo. Ndilo alilokupa ulipozaliwa, mama alisimulia, kwa kuwa ulitoka umekunja uso kama mtu anayekagua hesabu za wengine. Akapumzika, akavuta pumzi. Akasema, jura. Akapumzika tena. Nilikuwa nimemshika mkono na ulikuwa unatetemeka, kumbe hatetemeki kwa hasira, alikuwa anacheka. Akasema, aje. Na nilipobaki nimemkodolea macho akanipiga kiganja, akasema hima.

Bwana Mkubwa, jura, aje, hima. Sentensi nzima, kaka. Ya kwanza tangu augue. Wala haikukulaani. Ilikuita.

Niliinuka nikaenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi. Mimi ndiye niliyemwogesha. Mimi ndiye niliyejua ni upande gani wa ulimi chakula hakimkwami. Nimeacha nafasi ya kazi katika duka kubwa kwa sababu liko mbali na nyumbani. Nimemsomea hadi sauti ikakauka, na hadi leo, na hadi asubuhi hii nilipomwamkia, mimi ni kikombe. Wewe uliyevitupa vitabu vyake ukamnywesha maji, wewe jina lako limetoka. Hiyo ndiyo hasira yenyewe. Hizo nyingine zote nilizoandika hapo juu ni za kweli, lakini hii imezidi, na ningekuwa mtu bora nisingeiandika.

Mchana ule nilijaribu kuendelea naye bila kitabu, kutoka kichwani. Nilianza ile hotuba ya malkia. Nikafika katikati nikakwama. Nikajaribu ya kile kitabu cha kahawia, nikapata matusi matatu na kamba ikakatika. Na kila nilipokwama, kilichokuwa kinanijia si sauti ya baba wala ya mama, ni yako. Wewe mezani, una miaka kumi na moja, huwezi kuomba chumvi kama watu. Ewe binti mwenye mikono mizito, nitwalie chumvi hima, kabla ghadhabu yangu haijakushukia wewe na kuku wako wote. Mama anacheka hadi anashika ubavu. Baba anauliza ukurasa wa ngapi, nawe unautaja bila kufungua kitabu, na anakwenda kutazama na ni kweli. Mimi nilikuwa natafuta neno moja moja nikilihitaji. Wewe ulishika kurasa. Vile vitabu ulivila vyote kabla ya kuvitoa, na usiniambie umesahau. Mwaka juzi kwenye harusi ya mtoto wa shangazi ulikunywa soda mbili ukamwambia mshereheshaji maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa isipokuwa mimi na baba.

Kwa hiyo sikuandikii uniombe msamaha. Usiombe, sina. Nakuandikia kwa sababu jana jioni nilimpigia simu mwalimu wa kusema, nikamweleza ile sentensi, akasema mlango umefunguka tena na hajui utakaa wazi kwa muda gani. Na mimi maneno yameniishia. Chukua likizo, si ya kulala usiku mmoja na kurudi mara mkeo akipiga simu. Usilete zawadi, usilete maboksi, usije na mawazo kuhusu hewa ya chumba. Kaa kwenye kiti karibu na kitanda uanze sentensi za vile vitabu, moja baada ya nyingine, na ukifika kwenye tusi nyamaza, umtazame. Atakutukana. Atakutukana kwa yote uliyomfanyia, kwa maneno yako mwenyewe, na utayapokea, na akishindwa utamwanzishia upya. Mimi nitakuwa jikoni. Nitasikia yote. Siahidi kuzungumza nawe.

Kama hukufika hadi Jumamosi nitajua kwamba umeisoma barua hii kama ulivyomsikia baba siku ile.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie zile sufuria zake nitamrudishia, na asikutetee, ana moyo mzuri na nitashindwa kumjibu. Wapakate watoto kwa ajili yangu, waambie shangazi yao hajawasahau. Mama jirani anakusalimu pia. Nilimwomba asikusalimu, akakataa.

Ni mimi mdogo wako,
Sindano

Jumanne asubuhi, kabla ya kwenda posta. Kuna jua. Jana nililala saa saba kasoro robo, nikiwa bado nimekasirika.